Jiwe la Ratili Nne

Karakana ya Mizani
6 Machi 1952

Dada yangu,

Shikamoo. Nakupa shikamoo mbili, kwa sababu moja najua italiwa njiani na huyo anayefungua barua kabla yako. Na wewe msomaji wa kwanza, hujambo? Habari za kazi? Soma bila wasiwasi, mimi ni mtu wa wazi kama mlango wa soko.

Huku sote wazima. Mama goti linamsumbua mvua ikinyesha, lakini ulimi wake haujaota kutu. Anajua shemeji kafa, hajui kafaje, na kwa kuwa hatoki nje ya ua wangu, hatajua. Nimemwambia umepata kazi mbali, kwa bibi mmoja mwenye nyumba ya ghorofa, unashona mapazia, na bibi huyo anakupenda mpaka hataki utoke. Mama akasema, "Angalau safari hii kapata mtu wa kumthamini."

Mimi ndiyo usiulize. Wiki iliyopita stesheni walileta mizani ya mizigo iliyowashinda mafundi watatu, wote wenye vyeti. Mimi wa darasa la nne nikainama, nikapuliza, nikagonga mara moja. Ikatii. Bwana Karakana akasema, "Sijaona mkono kama huu." Nikamwambia, "Bwana, huo ni wa kulia tu."

Sasa lile jambo. Jaji kusema utanyongwa, hayo ni maneno ya jaji. Kusema ndiyo kazi yake. Kuna rufaa, na juu ya rufaa yuko Mkubwa wa nchi mwenye kalamu ya msamaha. Na mimi najuana na watu, Dada. Yuko karani wa posta ambaye binamu yake anampikia dereva wa Mkubwa. Umeona? Tumeshafika mlangoni.

Kuhusu maneno yangu ya mahakamani, natumaini hukuyaweka moyoni. Nilitaka wakujue wewe ni mtu wa maana, si wa kukurupuka. Na Bwana Karakana alikaa benchi la mbele, kanikodolea macho. Mtu ukisimama pale, watu wote wamekutegea masikio, ulimi unatangulia kama mbuzi aliyeona majani.

Kula vizuri. Usiwape nafasi ya kusema ukoo wetu ni wa watu wembamba.

Mdogo wako,
Tarumbeta (jina ulilonipa mwenyewe, sasa hata Bwana Karakana ananiita hivyo)


Chumba cha mwisho
19 Machi 1952

Mdogo wangu Tarumbeta,

Marahaba, zote mbili zimefika. Msomaji wa kwanza hajambo. Tunamwita Mama Funguo. Anasema mwandiko wako ni kama kuku kakanyaga wino akaenda zake. Nikamwambia, huo ndio mzuri, hukuuona wa zamani.

Mimi mzima. Nina chumba changu mwenyewe, wewe uliyekulia kulala miguuni pangu ungenionea wivu. Hatua nne kwenda, tatu kurudi, maana wakati wa kurudi kitanda kinakungoja. Taa haizimwi. Walinzi wawili wanakaa nami kwa zamu, wanafuma soksi, na wakichoka wananiuliza habari za ndugu yangu mcheshi. Gauni nililopewa halina kifungo wala mshipi. Penseli ni fupi kama kidole gumba, na nikimaliza kuandika naikabidhi.

Goti la Mama likandwe na maji ya moto, si kupakwa mafuta tu. Wewe unapenda mafuta kwa sababu ya mizani zako.

Wakili alikuja. Alinisomea hukumu upya, polepole, nikaielewa kwa mara ya kwanza. Jaji anasema angeweza kuamini kwamba asubuhi ile mkono wangu ulishika kilichokuwa karibu, maana majirani walisikia mimi ndiye niliyeanza kupigwa. Lakini kuna jambo moja limemzuia. Ndugu yangu wa damu kaapa kwamba lile jiwe la mizani la ratili nne, lililomuua mume wangu, nilimwagiza mwenyewe siku nne kabla, na nikamwambia nataka zito. Akaongeza kwamba dada yake huwaza jambo wiki nzima ndipo alitende. Kwa hiyo nilipanga. Kwa hiyo nastahili kamba.

Wakili akaniuliza, "Uliliagiza?" Nikamwambia, muulize aliyelileta.

Siwezi kukuambia useme nini. Barua zetu zinasomwa, na neno nitakalokutia mdomoni halitakuwa na thamani. Nakuuliza swali moja tu. Unaikumbuka siku uliyolileta?

Dada yako


Karakana ya Mizani
14 Aprili 1952

Dada yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenizidi. Mama hajambo, tumelikanda goti kwa maji ya moto, akanitukana matusi ambayo sijayasikia tangu nilipovunja mtungi wake. Kwa hiyo dawa inafanya kazi. Mwambie Mama Funguo kwamba huyo kuku wa mwandiko wangu anataga mayai ya dhahabu, asimdharau.

Nina habari njema. Nimeandika ombi kwa Mkubwa, kurasa tatu, na nimekusanya vidole gumba vya watu sitini na wawili. Kinyozi katia, fundi viatu katia, wauza nafaka soko zima wametia. Mpaka yule bibi muuza mkaa, ambaye kidole chake hakikuhitaji wino. Nimewaandikia kwamba wewe ni mlezi wangu, kwamba ulinibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikaburuza chini. Mkubwa akisoma hapo, kama ana mama, atalia.

Wakili wako alipita karakana. Bahati mbaya sikuwepo. Yaani, nilikuwepo, lakini nilikuwa chini ya mizani ya magunia, na mtu aliye chini ya mizani hawezi kuzungumza sheria. Nikasikia viatu vyake vikizunguka, vikasimama, vikaenda. Atarudi tu.

Umeniuliza kama naikumbuka siku ile. Dada, kumbukumbu yangu unaijua, ni kama tenga, hushika makubwa tu. Nakumbuka ulinipa chai. Mengine yamevujia njiani.

Halafu, Bwana Karakana anatafuta msimamizi mpya. Haijasemwa, lakini jana aliniita ofisini akaniambia, "Mimi nataka mtu ambaye kabati la mawe naweza kumwachia ufunguo." Akanitazama sana. Na mimi nikamtazama.

Mdogo wako,
Tarumbeta


Chumba cha mwisho
2 Mei 1952

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi Mama bado anatukana. Mkande mpaka goti liwe jekundu.

Rufaa imekataliwa. Wakili anasema ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Sasa imebaki kalamu ya Mkubwa, na vidole vyako sitini na viwili. Niliposikia habari ya bibi muuza mkaa nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaacha kufuma. Asante. Lakini wakili anasema hakuna hata kidole kimoja kati ya hivyo kinachosema habari za jiwe.

Wewe husahau, basi nikukumbushe. Haya niliyasema mahakamani pia, wakasema mshtakiwa hana la kusema ila hilo.

Ulikuja asubuhi, mimi natandika mkeka nje nianze kuuza maharage. Ulilificha ndani ya shati, tumbo limechomoza kama la mjamzito. Ukasema, "Fumba macho, Dada. Fungua mkono." Ukaniwekea, mkono wangu ukaanguka kwa uzito, ukacheka. Jiwe la shaba tupu, linang'aa kama sahani ya harusi. Nikasema, silihitaji, nina mawe yangu madogo. Ukasema, "Dada wa fundi hapimii vijiwe, watu watanionaje?" Nikaligeuza, nikaona muhuri wa karakana. Nikakuuliza, "Bwana wako anajua?" Ukasema, "Atajua nini, kabati lina mawe kama punje."

Likakaa mezani. Siku nne lilikaa mezani.

Ndivyo ninavyokumbuka mimi.

Jambo jingine. Sasa kila Jumatatu wananitoa ukumbini na kunipandisha mizani. Ni ile ya kusimama juu, yenye jukwaa chini na mkono wa chuma juu. Juzi walisema ratili mia na kumi na mbili. Mkono wenyewe unakwama, mpaka waugonge kwa kidole. Nikimuuliza Mama Funguo wananipimia nini, anageuka kutazama dirishani, na dirisha haliko upande huo.

Dada yako


Karakana ya Mizani
28 Mei 1952

Dada yangu,

Shikamoo. Hapo kwenye mizani umenigusa! Ungeniambia mapema. Hiyo naijua kama kiganja changu, nimezitengeneza bandarini, stesheni, kiwanda cha pamba, hospitali mbili. Ikikwama, ujue chini ya mkono kuna makali ya chuma yanayobeba uzito wote, yameingia kutu. Waambie wasigonge! Anayegonga mizani ni sawa na anayempiga shahidi, itasema chochote ili aondoke. Wafungue, wasugue kwa kitambaa kikavu, tone moja la mafuta, basi. Wakishindwa, waniite. Nitaifanya isome hadi uzito wa pumzi.

Na kukupima, Dada, ni dalili njema. Hospitali humpima mgonjwa kabla ya kumruhusu. Wanataka utoke una afya, wasije wakalaumiwa. Kula basi! Nimemwambia Mama umenenepa, kasema bibi wa mapazia abarikiwe.

Ile habari yako ya asubuhi nimeisoma. Umesimulia vizuri, ulikosa kuwa mwalimu. Siwezi kusema sivyo. Lakini fikiria, Dada. Mtu akisimama leo aseme, mimi niliapa uongo, jiwe nililichukua bila ruhusa, ataambiwa nini? Ataambiwa mwizi, kisha mwongo, na atafungiwa mlango. Mama atabebwa na nani kwenda uani? Nani atamkanda? Nalala nikiwaza, naamka nikiwaza, kila upande ninaogeukia nakuta ukuta. Mahakamani nilitaka kusema neno dogo tu, la kupitisha siku. Bwana Karakana kakaa pale, jiwe liko mezani, muhuri uko juu. Wakaniuliza limefikaje kwako. Likanitoka, "Aliniagiza." Sikujua kama neno dogo linaweza kukua hivyo.

Msomaji wa kwanza, hayo sikuyasema mimi. Ni mfano.

Wiki iliyopita nimepewa koti la msimamizi. Lina mifuko minne.

Mdogo wako


Chumba cha mwisho
9 Juni 1952

Mdogo wangu,

Marahaba. Hongera kwa koti.

Leo mia na kumi na tano. Mkono umekwama tena, wakabishana wao kwa wao. Nikawaambia ndugu yangu ni fundi hodari kuliko wote, na nikawatajia karakana. Karani akaandika. Nadhani watakuita.

Sasa nimejua wananipimia nini. Sikuambii. Utaona mwenyewe, wewe ni fundi.

Mwambie Mama mapazia yamekaribia kwisha.

Dada yako


Nyumbani
20 Juni 1952

Dada,

Shikamoo. Barua hii Mama Funguo kaahidi kukupa mkononi bila kuisoma. Mama hajambo.

Barua ya gereza ilifika Jumatatu: mizani moja ya jukwaa, imekwama, wanataka fundi. Bwana Karakana akasema, "Nani mwingine kama si wewe?" Juzi nikapanda gari moshi na koti langu. Njiani nilikuwa naandaa utani. Nilisema nikifika ukumbini nitapaza sauti, usikie, ucheke, ujue nimekuja.

Nikakuta ukumbi mrefu, sakafu imesuguliwa, mlango wako huku na mlango mwingine kule mwisho. Hatua kumi na mbili kati yake. Mizani ipo katikati. Nikaifungua. Kama nilivyosema, kutu kwenye makali. Nikatoa mawe yangu ya kupimia, nikaweka moja moja. Kati yake lilikuwemo la ratili nne, Dada, pacha wa lile, wametoka kabati moja. Kipimo kikaonyesha mizani inapunguza karibu ratili sita. Nikamuuliza mzee wa stoo aliyenisimamia, "Mnapimia wagonjwa?"

Akasema, "Hapana. Ni ya chumba hicho tu."

"Kwani mle wana haja gani ya kujua uzito?"

Akanitazama kama anayetazama mtoto. Akasema, "Fundi, urefu wa kamba unatokana na uzito. Mzito anapewa fupi, mwepesi anapewa ndefu. Mizani ikidanganya, anayeteseka ni yeye. Tumewahi kuona. Ndiyo maana tumekuita."

Nikakaa juu ya lile jukwaa. Mkono ukapanda na mimi.

Nikawaza kuivunja. Wataleta nyingine kesho. Nikawaza kuiacha na uongo wake. Lakini nimeshauacha uongo mmoja ufanye kazi, na nimeona kazi yake. Basi nikaitengeneza. Saa tatu nzima. Sijawahi kutengeneza mizani vile, na sitaki kusifiwa. Niliporudisha mawe, ikasoma sawasawa, haikuongeza, haikupunguza. Kisha nikakohoa, kwa sababu utani haukutoka.

Nilipotoka sikwenda stesheni. Nilikwenda kwa Bwana Jela, nikavua kofia, nikasema: jiwe niliiba mimi, hakuniagiza mtu, nilitaka kujionyesha kwa dada yangu, na mahakamani nilimwogopa bwana wangu. Karani akaandika kurasa mbili. Akaniuliza, "Mbona sasa?" Nikatia sahihi. Wamesema zitapelekwa kwa Mkubwa kwa gari moshi la siku hiyo hiyo.

Bwana Karakana nimemwambia leo asubuhi. Hakufoka. Alinyoosha mkono nikampa koti. Polisi wamesema nisitoke mjini, nitaitwa.

Bado kuna kalamu ya Mkubwa, Dada. Bado ipo.

Mdogo wako


Chumba cha mwisho
7 Julai 1952

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimepewa penseli mpya, ndefu, na hakuna aliyesema niirudishe. Kwa hiyo unajua.

Jibu lilisomwa Ijumaa. Wamepokea kurasa zako mbili. Wanasema ni kawaida ya ndugu kusema lolote mambo yakifika mwisho, na kwamba shahidi huyo huyo aliapa vingine akiwa na akili timamu. Hukumu ibaki. Ni keshokutwa, Jumatano, asubuhi.

Umeuza uongo sokoni maisha yako yote ukapata wanunuzi. Siku umeleta kweli, wamekataa kuipima. Wahenga walisema kawia ufike, na wewe umefika. Ila methali haisemi utamkuta nani.

Sitakudanganya. Nilikuchukia. Mwezi wa tano nilikuchukia siku kumi na moja, nilizihesabu, kisha siku ya kumi na mbili nikaikumbuka ile miguu yako ikiburuza chini nami nimekubeba, ukinielekeza njia kama bwana mkubwa, nikakosa pa kuishikia hasira. Marehemu mume wangu nimejaribu pia kumsamehe. Huyo bado.

Nilikusikia siku ile. Kwanza nikasikia chuma, nikasema hao ni mafundi tu. Kisha kikohozi. Nikaacha kufuma, maana siku hizi nami nafuma. Nikasogea mlangoni nikangoja utani wako. Nikangoja. Ulipokaa kimya nikajua umeshaambiwa, na nikajua utafanya nini. Ni mara ya kwanza nimejua utafanya nini.

Leo Jumatatu nimepanda, mara ya kwanza tangu uitengeneze, maana walipokuwa wanangoja jibu hawakunipima. Mkono ukapanda, ukashuka kidogo, ukatulia katikati. Hakuna aliyegonga. Mia ishirini na moja. Mama Funguo akasema, "He! Kwa wiki mbili tatu tu? Unakula nini kwa siri?" Nikacheka, na yeye akacheka, tukashindwa kujizuia mpaka mlinzi wa nje akachungulia. Kisha Mama Funguo akalia, nami nikamshika bega. Sikuogopa kwenye ile mizani. Ilikuwa kama umenishika kiwiko kunivusha mfereji.

Lile pacha lake, la ratili nne, lirudishe kabatini.

Nina ombi moja. Mwambie Mama. Wewe mwenyewe, si jirani, si polisi. Na usitie mapazia.

Dada yako


Nyumbani
13 Julai 1952

Dada,

Shikamoo. Hakuna wa kufungua hii kabla yako, wala baada.

Jumatano asubuhi nilikaa uani na saa ya Baba mkononi mpaka ikapita. Mama akaniuliza mbona siendi kazini. Nikamwambia sina kazi, na leo nitamweleza. Kisha ulimi ukakwama. Umenikwama siku tatu, mimi, Tarumbeta.

Jana alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nikakaa chini, karibu na goti lake, nikaanza na jiwe. Nikaenda na jiwe, shati, muhuri, meza, asubuhi ile, mahakama, benchi la mbele, neno langu. Nikamweleza chumba, ukumbi, mizani. Sikumtafutia bibi wa ghorofa. Mara mbili nilisikia kichekesho kinakuja mdomoni, nikakimeza.

Mama hakuacha kuchambua mpaka nilipomaliza. Kisha akauweka ungo chini, akauliza neno moja.

"Alikuwa anakula?"

"Alikuwa anakula, Mama."

"Usinidanganye."

Nikamwambia, "Jumatatu ya mwisho alikuwa ratili mia ishirini na moja. Mizani niliitengeneza mwenyewe. Ni sawasawa."

Akavifungua viganja vyake vyote viwili, akavilaza juu ya magoti kama mtu anayengoja kupokea kitu. Akavitazama.

"Nilimzaa na ratili sita," akasema. "Mkunga alinipimia kwenye mizani ya unga."

Mdogo wako